Nyumba 51 kati ya 150 zina mgonjwa mwingine wa saratani: niwaambie nini ndugu zao?

Barua

Ndugu washauri, salaam.

Mimi ni tabibu katika hospitali moja mkoani Lindi. Kila mgonjwa wa saratani ya matiti anayepita kwetu huwa namuuliza kama kuna ndugu yake mwingine aliyewahi kuugua saratani, na jibu naliandika kwenye daftari. Hadi sasa nina wagonjwa 150, na 51 kati yao walisema ndiyo, yaani asilimia 34.

Ndugu wanaowasindikiza wagonjwa huniuliza kila mara: "Daktari, na sisi je?" Nimefikiria kuwajibu kwamba hatari yao ni asilimia 34, lakini mwenzangu mmoja wa kitengo cha takwimu alinikataza, akasema hesabu hiyo haifai. Hakunieleza kwa nini. Naomba mnieleze kosa liko wapi, na nifanyeje ili daftari hili lizae hesabu ya kuaminika. Tuna kompyuta moja na programu ya Excel.

La pili ni la haraka zaidi. Dada mmoja wa miaka 34 alimleta mama yake, aliyegundulika akiwa na miaka 41. Mama yake mdogo naye aligundulika akiwa na miaka 46. Dada huyu mwenyewe hana dalili yoyote. Nimwambie nini sasa hivi, kabla hesabu hazijakamilika?

Tabibu, Lindi

Jibu

Ndugu tabibu,

Mwenzako alikuzuia kwa haki. Asilimia 34 ni jibu sahihi la swali ambalo ndugu hawakuliuliza. Inasema kati ya waliokwisha kuugua, wangapi wanamjua ndugu mwingine mwenye saratani. Anayemsindikiza mgonjwa anauliza jambo jingine kabisa: mimi nisiyeugua, nina uwezekano gani wa kuugua kabla sijafika miaka 70, na uwezekano huo umezidi kiasi gani wa jirani ambaye kwao hakuna mgonjwa? Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu nyumba. Linajibiwa kwa kuhesabu ndugu mmoja mmoja, kila mmoja na miaka aliyoishi.

Nyumba zinadanganya kwa sababu zinatofautiana ukubwa. Mgonjwa mwenye dada saba na mabinti watano ana watu kumi na wawili, mbali na mama yake, ambao yeyote kati yao angeweza kuugua kwa bahati mbaya tu. Mgonjwa aliyezaliwa peke yake na mwenye watoto wa kiume watupu ana mama peke yake wa kuhesabiwa. Ukiwaweka wote wawili kwenye safu ya "ndiyo au hapana", familia kubwa zitaonekana za hatari kwa ukubwa wake tu. Umri nao unafutika: binti wa miaka 12 asiyeugua anahesabiwa sawa na bibi wa miaka 70 asiyeugua, ilhali yule binti hata hajafika umri ambao saratani ya matiti huanza kuonekana.

Kwa hiyo chukua tena hizo nyumba 51 uzichambue. Hatuna daftari lako mbele yetu, basi tutumie namba za mfano. Tuseme katika nyumba 18 saratani iliyotajwa ni ya mlango wa kizazi, ya koo la chakula au ya ini, wala si ya titi. Katika nyumba 14 aliyeugua ni binamu, shangazi, mke wa mjomba au mama wa kambo. Katika nyumba 4 ndugu aligundulika baada ya mgonjwa wako, pengine kwa sababu wewe mwenyewe ulimshauri akapime. Katika nyumba 4 nyingine kilichokuwapo ni uvimbe ambao haukupimwa kamwe. Zinabaki 11 zenye mama, dada au binti wa damu aliyeugua saratani ya titi kabla ya mgonjwa wako. Wale 40 wengine usiwatupe. Waandike kwenye safu zao, maana baadhi watahitajika kwa maswali mengine. Ila kwa swali la kwanza, hao 11 ndio matukio yako.

Sasa dodoso. Hapa ndipo utafiti mwingi wa familia unapoharibika, na hakuna hesabu itakayouokoa baadaye. Usiulize "una dada wangapi?" Mtu wa Nachingwea atakuhesabia na mabinti wa mama mkubwa na wa baba mdogo, na hakosei kwa desturi yake. Uliza: "Mama yako mzazi alizaa watoto wangapi, wakiwemo waliofariki? Wa kwanza alikuwa nani? Alifuatiwa na nani?" Kisha kwa kila mmoja: baba ni yule yule? Mwenye mama mmoja na baba mmoja na wewe anashiriki nusu ya vinasaba vyako kwa wastani. Wa mzazi mmoja tu anashiriki robo, na anakaa kundi moja na shangazi, mama mdogo na bibi.

Uliza upande wa baba kwa mkazo ule ule. Miongoni mwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo umehesabiwa kwa muda mrefu kupitia mama, hivyo mgonjwa anaweza kukutajia vizazi vitatu vya upande huo bila kusita, na upande wa baba akakosa hata majina ya shangazi zake. Vinasaba vya BRCA1 na BRCA2, ambavyo kasoro zake ndizo zinazojulikana zaidi kwa kuongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari, hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama. Baba akiwa nayo haugui mara nyingi, lakini anaipitisha. Ukiacha upande wake wazi utadhani familia haina historia, kumbe haikuulizwa.

Kwa kila ndugu wa kike wa karibu andika mambo sita: uhusiano, mwaka wa kuzaliwa, yu hai au amefariki, mwaka wa kufariki kama amefariki, aliugua saratani gani kama aliugua, na umri alipogundulika. Ongeza safu ya saba ya uhakika wa ugonjwa. Weka 1 kama kuna majibu ya kipimo cha kinyama, 2 kama kuna barua ya rufaa, kadi au faili la hospitali, 3 kama ni maelezo ya mdomo tu. Mwishoni utafanya hesabu mara mbili: moja kwa daraja la 1 na la 2 peke yake, nyingine kwa madaraja yote. Majibu yakitofautiana sana, sema hivyo kwenye ripoti yako. Saratani ya titi huwa inakumbukwa vizuri kuliko za ndani, kwa kuwa kidonda cha titi kinaonekana na anayemuuguza mtu anakijua. "Alikufa kwa tumbo" inaweza kuwa ini, ovari, kizazi au kitu kisicho saratani kabisa.

Miaka ya kuzaliwa ya wazee itakusumbua. Usiwafute wasiojua, kwa sababu ukiwafuta unaondoa wazee, na wazee ndio wenye miaka mingi ya hatari. Tengeneza kalenda ya matukio: mradi wa karanga wa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952, Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, vita vya Kagera 1978 hadi 1979. "Wakati wa Uhuru alikuwa amevunja ungo?" ni swali linalojibika. Mwaka ukikosewa kwa miwili au mitatu hesabu haiharibiki, kwa sababu utatumia makundi ya miaka kumi au zaidi. Jambo dogo la ratiba: msimu wa korosho watu wako mashambani na wanaosindikiza wagonjwa ni wachache, basi panga mahojiano marefu nje ya msimu.

Hatua inayofuata ni kuhesabu miaka ya kila ndugu. Anza kumhesabu akiwa na miaka 20. Acha kumhesabu siku ya tukio la kwanza kati ya haya matatu: kugundulika saratani ya titi, kufariki, au siku ambayo mgonjwa wako mwenyewe aligundulika. Hilo la tatu husahaulika sana. Mgonjwa akishapata jibu, dada zake wote wanakimbilia kupima, na saratani ambazo zingeonekana miaka mitano baadaye zinaonekana mwaka huo huo. Ukizijumlisha, hatari inavimba. Na mgonjwa mwenyewe usimhesabu kabisa, si katika matukio wala katika miaka. Aliingia daftarini kwa sababu anaumwa, kwa hiyo ukimtia, kila familia itakuwa na mgonjwa mmoja wa lazima. Wilhelm Weinberg, tabibu wa Ujerumani, alilieleza kosa hili mwaka 1912, na bado linafanyika.

Mfano: dada alizaliwa 1958, hajaugua, na mdogo wake aligundulika 2023. Kwa hesabu ya miaka mizima ana miaka 65, hivyo anatoa miaka 20 katika kundi la 20 hadi 39, miaka 10 katika 40 hadi 49, miaka 10 katika 50 hadi 59, na 5 katika 60 hadi 69. Jumla 45, tukio sifuri. Dada mwingine alifariki kwa uzazi akiwa na miaka 37: anatoa miaka 17 katika kundi la kwanza, basi. Mama aliyeugua akiwa na miaka 52 anatoa 20, kisha 10, kisha 2, na tukio lake moja linaandikwa kwenye kundi la 50 hadi 59. Excel yako inatosha: mstari mmoja kwa ndugu mmoja, safuwima nne za makundi ya umri, na moja ya tukio. Wataalamu huita jumla hiyo miaka-watu.

Sasa linganisha na kinachotarajiwa. Tuseme ndugu zako wote wa karibu, wanawake 620, wametoa miaka 6,000 katika kundi la 20 hadi 39, miaka 2,500 katika 40 hadi 49, miaka 1,600 katika 50 hadi 59 na miaka 900 katika 60 hadi 69. Tuseme pia wagonjwa wapya kwa mwaka katika kila wanawake 100,000 ni 10, 60, 90 na 110 kwa mfuatano huo. Viwango hivi tumevitunga kwa ajili ya kufundishia, usivinakili. Zidisha kila kundi na kiwango chake: 0.60, 1.50, 1.44 na 0.99. Jumla ni 4.53. Hao ndio wagonjwa tunaowatarajia hata kama familia isingeongeza chochote. Wewe umepata 11. Gawa 11 kwa 4.53, unapata 2.4: ndugu hao wameugua mara 2.4 ya ilivyotarajiwa.

Usiishie kwenye 2.4. Matukio 11 ni machache, na kwa bahati tu yangeweza kuwa 6 au 17. Kwa kanuni ya Poisson, inayotumika kwa matukio yanayohesabika moja moja, mipaka ya uhakika wa asilimia 95 (eneo ambalo namba ya kweli inaaminika kuwamo) ya matukio 11 ni 5.5 na 19.7. Gawa kila mmoja kwa 4.53: mpaka wa chini ni 1.2, wa juu ni 4.3. Ripoti iandikwe "mara 2.4, kati ya 1.2 na 4.3". Asiyeandika mipaka hiyo anamfanya msomaji aamini kitu kigumu kuliko kilivyo.

Ugumu mkubwa ni viwango vya kulinganishia. Rejesta za saratani zinazohesabu wakazi wote wa eneo hazijafika kila mkoa wa Tanzania, na namba za kitaifa zinazotolewa na IARC, shirika la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, ni makadirio. Isitoshe ni za miaka ya karibuni, wakati ndugu zako wametoa miaka mingi ya zamani, kipindi ambacho mwanamke wa Liwale aliweza kufa na saratani ya titi bila mtu yeyote kuipa jina. Matarajio yako yatakuwa makubwa kuliko matukio yaliyoweza kugundulika, na uwiano utashuka bila haki.

Dawa yake ni kundi linganishi la hapo hapo. Kwa kila mgonjwa tafuta mwanamke wa kundi lake la umri, wa wilaya yake, asiye na saratani, aliyekuja hospitalini kwa mfupa uliovunjika, jino au macho. Usimchukue kutoka kliniki ya matiti au ya uchunguzi wa mlango wa kizazi, kwa kuwa wengi huko wamekuja kutokana na historia ya familia. Muulize kwa dodoso lile lile, muulizaji yule yule, muda ule ule. Mwenye saratani ameshauliza ukoo mzima nani aliwahi kuugua, asiye nayo hajawahi kuulizia. Usipomchimba huyu wa pili kwa saburi sawa, utapima kumbukumbu badala ya hatari. Ukoo wake nao una tarehe yake ya kufunga: siku ya mahojiano, au vizuri zaidi, tarehe aliyogundulika mgonjwa aliyelinganishwa naye.

Tuseme ndugu za wasiougua wana matukio 5 katika miaka-watu 12,300, na wako wana 11 katika 11,000. Kwa ulinganisho wa moja kwa moja uwiano ni 2.5, karibu sawa na ule wa kwanza. Mipaka yake lakini ni kuanzia 0.85 hadi 7.1, na inavuka 1, ambayo maana yake ni kwamba hakuna tofauti. Maana yake kwa namba hizi huwezi hata kusema kwa uhakika kwamba kuna ongezeko. Ulinganisho umekuwa wa haki zaidi, na umelipa kwa kupungukiwa uzito. Ili kuiona hatari iliyoongezeka mara mbili, kwa uwezo wa asilimia 80 (yaani kuigundua mara 80 kati ya 100 kama ipo kweli) na makundi mawili yanayolingana, unahitaji matukio 65 hivi kwa jumla. Kwa mfano wetu una 16. Ingekupasa kuwa na wagonjwa 600 na wenzao 600.

Lindi peke yake itachukua muda mrefu kufika huko. Shauri letu ni kuunganisha: hospitali za rufaa za mikoa, Sokoine kwa Lindi na Ligula kwa Mtwara, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao, ambazo wagonjwa wa vijijini wamezizoea tangu zamani. Dodoso moja, madaraja ya uhakika yale yale, namba za siri za mfumo mmoja. Mgonjwa mmoja huweza kupita Nyangao, akapelekwa Mtwara, akaishia Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, basi wekeni njia ya kumtambua asihesabiwe mara tatu: mwaka wa kuzaliwa, kijiji alichozaliwa na jina la kwanza la mama vikigeuzwa kuwa namba ya siri vinatosha kwa kazi hiyo.

Madada wawili wakigundulika, mmoja Lindi na mwingine Mtwara, kila mmoja akiwa amekuja kwa njia yake, familia inaruhusiwa kuingia mara mbili: mara moja kupitia kwa huyu, mara moja kupitia kwa yule, na kila mara unamtoa yule aliyeileta. Yule aliyekuja kwa sababu ulimwita hahesabiki kuwa mlango wa kuingilia.

Watu wa nyumba moja hawajitegemei kama watu waliookotwa sokoni, hivyo mipaka ya Poisson tuliyoihesabu juu inakuwa myembamba kuliko ukweli. Mkifikia mamia ya familia, hamieni kwenye programu ya takwimu iitwayo R, ambayo ni ya bure. Kifurushi chake kiitwacho survival kina pyears ya kuhesabu miaka-watu na coxph ya kulinganisha makundi kwa mbinu ya David Cox ya mwaka 1972. Tumieni umri kuwa kipimo cha muda, na ongezeni cluster(nyumba) ili programu ijue nani ni wa nyumba gani. Njia nyingine nyepesi ni kuchota nyumba nzima nzima kwa bahati nasibu, kila nyumba ikirudishwa kabla ya kuchota nyingine, mara 1,000, na kuhesabu uwiano kila mara. Matokeo ya 25 na ya 975 kwa mpangilio wa ukubwa ndiyo mipaka yenu. Kosa la kuchota mtu mmoja mmoja badala ya nyumba linarudisha tatizo lile lile.

Tahadhari nyingine inahusu zile nyumba 18 za saratani tofauti. Familia kuugua pamoja hakuthibitishi urithi. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, na mama na binti wanaweza kuugua wote kwa kuwa wameishi mazingira yale yale, bila kupimwa na bila chanjo, ambayo kitaifa ilianza mwaka 2018. Kipimo kizuri cha mkono ni wakwe: wake za kaka za mgonjwa wanaishi boma lile lile, wanapika jikoni mle mle, na hawashiriki damu. Wakiugua kwa wingi sawa na dada za mgonjwa, tazama mazingira kwanza. Wale wake za wajomba uliowatenga mwanzoni watakufaa hapa. Hata kwa titi, saratani zinazotokana na vinasaba vya kurithi vyenye nguvu kubwa ni asilimia 5 hadi 10 tu.

Utakutana mtandaoni na vikokotoo vya hatari, kama kile cha Gail cha mwaka 1989. Hicho kilitengenezwa kwa data za wanawake weupe wa Marekani, kinahesabu mama, dada na binti tu, na kinamsahau baba na upande wake wote. Usikiwekee namba za mwanamke wa Kilwa ukampa jibu kana kwamba kimepimwa kwake.

Kabla ya kuendelea na daftari, simamisha kidogo. Kumuuliza mgonjwa historia ya familia kwa ajili ya tiba ni kazi yako ya kila siku. Kuichambua kwa ajili ya utafiti kunahitaji kibali cha maadili, ambacho kwa Tanzania hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na ridhaa ya mgonjwa. Ndugu wanaotajwa hawajaulizwa, basi majina yao yasiandikwe. Tumia M1 kwa mama, D1 na D2 kwa dada, B1 kwa binti. Ufunguo wa namba ukae kabatini chini ya kufuli, mbali na kompyuta. Tunalisema hili kwa uzito. Ikivuma kijijini kwamba ukoo fulani ni wa saratani, mabinti wake watanyanyapaliwa na wachumba wataanza kusita, kwa hesabu ambayo bado haijakamilika.

Lakini ndugu wanaokuuliza leo hawawezi kusubiri wagonjwa 600. Tumia kilichokwishajulikana kwingine, ukikieleza hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2001, uliounganisha tafiti 52 zenye wagonjwa zaidi ya 58,000, ulikuta mwanamke mwenye ndugu mmoja wa karibu aliyeugua ana hatari mara 1.80, mwenye wawili mara 2.93, mwenye watatu au zaidi mara 3.90. Ulikuta pia kwamba wanawake wanane kati ya kila tisa waliougua hawakuwa na mama, dada wala binti mwenye saratani ya titi. Mwambie jirani hilo la mwisho, asidhani amesalimika.

Usimtajie mtu "mara 1.8" peke yake, maana hajui mara ya nini. Igeuze kuwa watu. Kwa viwango vyetu vya kufundishia, jumlisha kila kiwango mara miaka ya kundi lake: wanawake 100 wa kawaida, karibu 3 wangeugua kabla ya kufika miaka 70. Kwa mara 1.8 wanakuwa 5. Kwa ule uwiano wetu wa 2.4 wanakuwa 6 au 7. Hapo unaona jinsi asilimia 34 ingemtisha bure mama aliyekuja kumuuguza mdogo wake.

Sasa huyo dada wa miaka 34. Yeye si wa kumpa wastani. Wagonjwa wawili wa upande mmoja, wote chini ya miaka 50, ni mpangilio unaotakiwa kumfikisha kwa bingwa hata bila hesabu. Mpime matiti na makwapa leo hii, uandike ulichokuta. Muulize maswali manne: kuna aliyeugua ovari? Kuna mwanamume wa ukoo aliyeugua titi? Mama au mama mdogo aliugua matiti yote mawili? Upande wa baba ukoje? "Ndiyo" moja tu inaongeza uzito wa rufaa. Miongozo mingi ya nje humwanzishia uchunguzi mwenye historia nzito miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu wa mapema zaidi aligundulika, na kwa mamografia, yaani eksirei ya matiti, isiwe chini ya miaka 30. Kwake ni 41 kutoa 10, yaani 31, kwa hiyo muda wake umeshafika. Katika umri wake titi huwa bado zito na mamografia huona kwa shida, basi bingwa ataamua kama aongeze ultrasaundi. Mwandikie rufaa ya hospitali ya kanda, na ndani yake weka mchoro wa ukoo wenye umri wa kila aliyeugua. Kama mama yake bado anatibiwa na kuna njia ya kupima vinasaba, anayepaswa kupimwa kwanza ni mama: kasoro ikipatikana kwake, binti atapimwa hiyo hiyo na jibu lake litaeleweka. Akianza kupimwa binti na asikutwe na kitu, haijulikani kama hakurithi au kama familia ina kasoro ambayo kipimo hakiioni.

Mwambie pia kwamba uvimbe wowote, damu kwenye chuchu au ngozi ya titi iliyojikunja haungojei tarehe ya kliniki. Aje siku hiyo hiyo, hata kama alipimwa mwezi uliopita.